Jembe na Mahali pa Kulitia

Msomaji, huenda umefundishwa kwamba ardhi ya Ukambani ilichakaa kwa sababu ya wingi wa watu na mifugo. Kitabu kiitwacho More People, Less Erosion, kilichoandikwa na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki na kuchapishwa mwaka 1994, chapinga neno hilo. Waandishi hao wanachunguza wilaya ya Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake, tangu mwaka 1930 hata 1990. Katika muda huo watu waliongezeka yapata mara tano, na mmomonyoko wa udongo ukapungua.

Ubora wa kitabu hiki ni kwamba chatuonyesha nguvu za watu zilitumiwa wapi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba mifugo yao ili kuipunguza. Wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, naye akahamishiwa Lamu. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta membamba, na mengi yakaachwa yabomoke. Lakini mkulima alipopata soko la mazao na mshahara wa mjini, alichimba kwa hiari yake matuta ya fanya juu, akisaidiana na wenziwe katika mwethya. Jasho lililopotea chini ya amri lilizaa matunda pale mwenye shamba alipojichagulia kazi.

Hata hivyo, tusikisome kwa kukubali tu. Machakos i karibu na Nairobi, na vilima vyake vyafaa kahawa. Kitui, ng'ambo ya mto Athi, i mbali zaidi na soko hilo, na mashariki yake ni kame. Mama anayemaliza asubuhi nzima akifuata maji hana asubuhi ya kulima. Mbegu bora hazitamfaa kabla hajapata maji karibu. Ndiyo sababu mabwawa ya mchanga, yaliyojengwa kwa mamia katika mito ya Kitui, yana thamani kubwa ingawa ni madogo: ukuta huzuia mchanga, na mchanga huyahifadhi maji yasikaushwe na jua.

Basi, usikiapo habari za mradi katika kaunti yako, usitosheke kuuliza umegharimu shilingi ngapi. Uliza pia ni kazi gani ya bure uliyowaondolea watu, na kama wao wenyewe wangaliuchagua.