Lengo Moja, Upande wa Kushoto

Karatasi yenyewe haina mvuto. Kushoto kuna kisanduku kimoja, katikati vinne au vitano, kulia utitiri wa vidogo, na mistari ya kuviunganisha. Ukiitazama kwa mbali utadhani mti uliolazwa ubavu. Wanaoshughulika na uboreshaji wa huduma za afya huuita mchoro wa vichocheo. Kushoto hukaa lengo, katikati mambo makubwa yanayolisukuma lengo hilo, na kulia mambo madogo zaidi pamoja na mawazo ya kujaribiwa. Kuuchora ni kazi ya saa moja. Kuuchora vizuri ni ufundi, na mfano wake ninaoupenda kuliko mingine unatoka Marekani, kwa watu ambao kazi yao ni kuzitembelea familia majumbani.

Kazi hiyo ni hivi: muuguzi, au mhudumu mwingine aliyefunzwa, hupiga hodi kwa mama mjamzito au mwenye mtoto mchanga, akarudi tena na tena kwa miezi, pengine miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 David Olds aliipima huduma ya namna hii kitafiti katika mji wa Elmira, jimbo la New York. Mwaka 2010 sheria ya afya ya Rais Obama ikaitengea dola bilioni 1.5 kwa miaka mitano. Fedha zikapatikana, na swali likabadilika: huduma iliyofaulu katika utafiti itafauluje kila Jumanne, mikononi mwa mhudumu mwenye familia nyingi na gari bovu? Mwaka 2013 idara ya serikali kuu inayosimamia mpango huo ilikusanya timu kutoka majimbo kadhaa zijifunze kwa pamoja, chini ya uratibu wa shirika la Education Development Center. Mada zilikuwa nne: kunyonyesha, makuzi ya mtoto, ushiriki wa familia, na sonona ya mama. Kila mada ilikuwa na mchoro wake.

Nikae kwenye ule wa sonona.

Ukimwambia mtu yeyote aandike lengo la mradi wa sonona, ataandika kwamba akina mama wote wapimwe. Ni lengo zuri, linahesabika, na mfadhili atalifurahia. Lakini kupima ni kitendo cha mhudumu. Mama anaweza kupimwa mara tatu na kila usiku akaendelea kukaa macho, mtoto akiwa kifuani, akihesabu mabati. Waliouchora mchoro huu waliandika jambo jingine: kwamba asilimia 85 ya wanawake watakaobainika kuwa na dalili za sonona na kupata huduma waone dalili zao zikipungua kwa asilimia 25 ndani ya wiki 12 tangu huduma ya kwanza. Kwa nani, kiasi gani, lini: vyote vimo. Na kilichowekwa kwenye mizani ni hali ya mama, si fomu.

Ukali huu wa kutaja namba na siku una historia. Desemba 2004 Donald Berwick, daktari wa watoto aliyekuwa akiongoza Taasisi ya Uboreshaji wa Huduma za Afya huko Massachusetts, alitangaza kampeni ya kuokoa maisha ya wagonjwa 100,000 hospitalini. Hakuishia kutaja mwaka. Alitaja tarehe 14 Juni 2006, saa tatu asubuhi. Wapo waliocheka, lakini lengo lenye saa halina pa kujificha.

Lengo likishakaa namna hiyo, vichocheo haviwi tena orodha ya shughuli za ofisi. Mama atapataje nafuu ndani ya wiki 12? Lazima dalili zionekane mapema, kwa hiyo upimaji uwe na utaratibu usiobadilika kutoka nyumba hadi nyumba. Lazima anayepima ajue la kusema pindi mama anapoanza kulia. Lazima rufaa ifuatiliwe mpaka mama awe ameketi mbele ya mtaalamu. Na lazima takwimu zirudi kwa timu haraka, kabla mambo hayajapoa. Hapo ndipo fundi anajulikana. Fundi dhaifu huandika “mafunzo” katika kila kisanduku. (Sisi wa huku tunaijua semina: kalamu, chai, posho, na Jumatatu kila kitu kinaendelea kama kilivyokuwa.) Fundi hodari huuliza kwanza ni nini lazima kiwe kweli ili lengo litimie, ndipo aulize kama mafunzo yanaweza kukileta.

Kuna namna ya kuujaribu mchoro kabla haujatoka mezani. Usome kutoka kushoto kwenda kulia ukiuliza, kwa njia gani? Kisha rudi kutoka kulia kwenda kushoto ukiuliza, ili iweje? Chukua wazo dogo kabisa la kulia: mhudumu, akiwa bado sebuleni, anapiga simu kliniki mama akisikiliza, kisha anamkabidhi simu azungumze mwenyewe. Ili iweje? Ili miadi ipatikane papo hapo. Ili iweje? Ili rufaa isiishie kwenye kipande cha karatasi ndani ya mkoba. Ili iweje? Ili tiba ianze ndani ya muda. Mstari umefika. Wazo lisiloweza kujibu maswali hayo hutolewa, hata kama ni la mkurugenzi.

Kipimo chenyewe kinastahili sifa zake. Kimojawapo kinachotumika sana kwa sonona ya uzazi ni kile cha Edinburgh, kilichochapishwa na John Cox na wenzake mwaka 1987: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, alama kuanzia 0 hadi 30, na swali la mwisho linauliza kama katika siku hizo wazo la kujidhuru limemjia mama. Utaratibu wowote unaomwachia mhudumu swali hilo bila kumwonyesha cha kufanya dakika inayofuata haujakamilika, na mchoro mzuri huonyesha pengo hilo kabla halijaumiza mtu.

Baada ya hapo huja kujaribu, na kwa udogo wa kushangaza: mhudumu mmoja, mama mmoja, ziara moja. Panga, tenda, chunguza, rekebisha. Mzunguko huu unatokana na mawazo ya Walter Shewhart na W. Edwards Deming, yuleyule aliyekwenda kuwafundisha Wajapani mwaka 1950. Aliyeona mabango ya S tano kwenye kuta za hospitali zetu, sasambua, seti, safisha, na wenzake, ameukuta ukoo huohuo ukija kwa njia ya Japani. Matokeo huwekwa kwenye grafu mwezi kwa mwezi, mstari wa kati ukapita katikati. Nukta sita mfululizo zikikaa upande mmoja wa mstari huo, kuna kilichobadilika. Chini ya hapo, tulia.

Mchoro ule wa sonona una kasoro, nami naipenda kwa sababu mchoro wenyewe ndio unaoionyesha. Lengo linawahesabu waliopata huduma. Mama aliyebainika na dalili, akakosa nauli au akaogopa majirani, hayumo ndani ya ile asilimia 85. Timu inaweza kupata namba nzuri kwa wachache waliofika. Ndiyo maana kichocheo cha rufaa lazima kiwe na kipimo chake, kinachowahesabu hata wale ambao hawakufika, na vipimo hivyo viwili visomwe pamoja.

Matokeo yalipochapishwa, waliopata nafuu miongoni mwa waliofikiwa na huduma walikuwa wamepanda kutoka takriban asilimia 51 hadi takriban 60. Si 85. Kwa lengo la “kuboresha afya ya akili ya akina mama” hiyo ingeandikwa kuwa ushindi na faili lingefungwa. Hapa pointi 25 zilizobaki kufikia 85 zina pa kutafutiwa: kuna kisanduku cha upimaji, cha ujuzi, cha rufaa, cha takwimu, na timu inaanza kuuliza ni kipi kilichokwama, au kama kuna kingine, pengine uhaba wa wataalamu wa kutibu sonona katika wilaya yenyewe, ambacho hakikuchorwa.