Chujio la Kiyoyozi Lipimwe kama Kifumbu

Mpishi wa Unguja hanunui kifumbu kwa rangi. Hukinyanyua, akauvuta msuko wake, akatazama matundu: kikibana mno tui halishuki, kikilegea machicha humwagikia chunguni. Chujio la kiyoyozi lina mizani hiyohiyo, na nyumba ya Kiwengwa huidai kila siku. Pwani ya kijiji hiki cha Unguja imeelekea mashariki. Kaskazi huipiga tangu Disemba, kusi huja baada ya masika, na kila upepo una vumbi jeupe la matumbawe pamoja na unyevu wa chumvi unaoligandisha.

Kwanza, mwanga. Inua chujio dirishani. Matundu yawe sawa kona hadi kona, pasiwe na uzi uliokatika wala sehemu iliyolegea.

Pili, fremu. Ikunje kidogo, iliyo nzuri hurudi ilivyokuwa. Kisha ipachike. Ikiacha upenyo pembeni, irudishe dukani, maana upepo hufuata njia nyepesi, na wavu wote utabaki pambo.

Tatu, maji. Lioshe kwa kulipitishia maji upande wa nyuma, vumbi litoke kwa mlango liliouingilia. Kisima chako kikiwa na chumvi, suuza mwisho kwa maji ya mvua, kisha kausha kivulini. Chujio linalopinda kwa kuoshwa mara moja si la kukaa nalo.

Wengi hupotea kwenye unene. Baadhi ya machujio kutoka ng'ambo huandikwa daraja la MERV, kipimo cha uwezo wa kunasa chembe, 1 hadi 16, na la 13 hunasa hata chembe ndogo za moshi. Hayo yametengenezewa mitambo mikubwa inayosukuma hewa mabombani, kama ile ya kupasha joto nyumba za Marekani. Feni ya kiyoyozi cha ukutani haina kifua hicho. Ukiibandikia kitambaa kizito, pumzi hukatika, mabomba ya ndani huganda barafu, na usiku maji hudondokea kitandani. Mwenye pumu ndani ya nyumba, badala ya chujio zito, anunuliwe mashine ya kusafisha hewa yenye feni yake.

Harufu ya uvundo ikibaki baada ya kuosha, usililaumu chujio: ukungu umeingia ndani zaidi, muite fundi.

Siku ya kuosha usiipange kwa kalenda. Weka kiganja mbele ya upepo kabla ya kuosha na baada yake. Tofauti ikiwa kubwa, ulichelewa. Safari ijayo wahi.