Picha za Senema na Njia Kuu ya Tabora



Huenda nawe umekwisha kuonyeshwa, katika simu ya mwanao au katika televisheni ya ukumbini, zile video fupi ambazo vijana wetu huziita "sinematiki". Jua linakuchwa, vumbi jekundu linapanda polepole, mtu anatembea ametupa mgongo, kinanda cha Kizungu kinalia kwa huzuni, na kila kilicho nyuma ya mtu yule kimegeuka ukungu. Maandishi yanatokea: Tabora. Au Kwihara. Au Ujiji. Dakika tatu zimekwisha, watu wa nyumbani wanasema masha Allah, nzuri, wala hapana hata mmoja aliyeiona Tabora.

Uzuri huo una kasoro, na kasoro yenyewe si ya kamera. Kamera tunaisifu. Hizi ziitwazo DSLR ni kamera za picha za kutulia, zile zenye kioo kidogo ndani kinachoinuka kila unapobonyeza. Hadi mwaka 2008 zilikuwa hazipigi video. Mwaka huo Nikon wakatoa D90, na mara baada yake Canon wakatoa EOS 5D Mark II, ambayo kibamba chake cha kupokea mwanga kina upana wa milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya mkanda wa filamu wa kamera za zamani. Ilipotoka iliuzwa kiasi cha dola 2,700 bila ya lenzi. Si fedha ndogo kwa mtu wa Tabora wala kwa mtu wa Tanga, lakini kabla ya hapo aliyetaka video yenye sura ya senema alihitaji mtambo wa bei ya nyumba. Mwezi wa Mei 2010 Wamarekani waliipigia sehemu nzima ya mchezo wao mashuhuri wa televisheni uitwao House, na watazamaji wengi hawakutambua tofauti. Leo watengenezaji wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo kile, na kwa sababu hiyo hizi za DSLR zauzwa mkononi kwa bei ya kuvumilika, na harusi nyingi unazozialikwa hupigwa nazo.

Sasa tazama jambo hili limetukuta wapi. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora na kuishilia Ujiji penye Ziwa Tanganyika, imekwisha kusimuliwa katika senema, na waliosimulia ni watu wa mbali. Mwaka 1939 Hollywood walitoa Stanley and Livingstone. Mchezaji wao mkubwa, Spencer Tracy, hakukanyaga Afrika. Kikundi kingine kililetwa Afrika Mashariki kupiga nyika na wanyama, kisha vipande vikaunganishwa huko kwao. Mwaka 1990 ikatoka Mountains of the Moon, khabari za safari ya Burton na Speke, ambao kwa kweli walifika Tabora, enzi hizo ikiitwa Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 za njia. Hiyo nayo mandhari yake ya Afrika ilipigwa Kenya. Sidi Mubarak Bombay amepewa heshima kidogo mle ndani, nasi tumeiona na tunashukuru. Lakini macho ya filamu ni macho ya wageni wawili. Wapagazi ni sehemu ya pori, kama miti.

Kwa hivyo kijana wa Tabora aliposhika kamera iwezayo kutoa picha ya kiwango cha senema, mlango uliokuwa umefungwa kwa miaka mingi ulifunguka. Angeweza kuigeuza kamera na kuwatazama wale waliokuwa nyuma. Yeye akaenda kununua lenzi ya kuwafutia mbali.

Usidhani twatia chumvi. Lenzi ya milimita 50, ile ya bei nafuu ambayo kila mpiga picha anaanza nayo, ikifunguliwa tundu lake hadi namba 1.8 na mtu akasimama mita 2 mbele yake, kinachoonekana wazi ni kina cha sentimita 17 hivi. Pua na macho vimo; masikio yameanza kupotea; nyumba iliyo nyuma ni rangi tu. Vijana wanaliona hilo ndilo alama ya senema. Na jua la Unyamwezi saa sita ya mchana haliwaruhusu kufanya hivyo kwa urahisi. Ukipiga video kwa picha 25 kwa sekunde, shata huwekwa moja ya hamsini (na umeme wetu wa 50 hukubaliana nayo, taa hazichezichezi), na kwa mwanga ule tundu lenyewe lataka kufungwa hadi namba 22. Kufika 1.8 unahitaji kupunguza mwanga zaidi ya mara mia. Basi kijana hununua kioo cheusi, akakivisha lenzi mithili ya miwani ya jua, ili apate kulikataa jua lililokuwa likimwonyesha kila kitu bure.

Chukua lenzi pana ya milimita 24, funga tundu hadi namba 11, elekeza fokasi mita 2. Kutoka mita moja mbele yako hadi upeo wa macho, vyote viko wazi. Mzee yumo, na mlango wake umo, na mwembe umo, na mtoto anayepita na dumu la maji naye yumo. Kioo cheusi chepesi kabisa chatosha. Yote hayo kamera ile ile inayaweza, na pengine kwa lenzi iliyokuja nayo dukani ambayo kijana ameitupa kabatini kwa kuiona ya kishamba.

Nenda nasi hadi Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye tembe ambalo sasa ni makumbusho. Hapo Livingstone na Stanley walifika pamoja mwezi wa Februari 1872. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani, na yule mzee akabaki akingojea wapagazi hadi Agosti. Nyumba ile ni ushahidi. Kuta zake nene za udongo na dari yake bapa zinakwambia namna watu walivyojikinga na joto, na moto, na vita. Maana miaka hiyo hiyo Mirambo alikuwa akipigana na wafanyabiashara wa Tabora na njia ya Ujiji imefungwa. Ukiifanya nyumba hii ukungu wa rangi ya machungwa nyuma ya shavu la msichana aliyevaa kanga, umebaki na msichana na kanga. Hao wangeweza kupigwa Kimara.

Na rangi yenyewe ina maneno. Siku hizi video hupakwa rangi baada ya kupigwa: vivuli vikawa vya kibuluu, ngozi za watu zikawa za dhahabu. Rangi hiyo haitoki Tabora. Imetoka katika filamu za vita na mapenzi za Marekani, ikaja na programu ya kuhariri, imekwisha kutayarishwa, bonyeza tu. Miombo wakati wa kiangazi ina rangi zake, za kahawia na kijivu na wekundu wa majani mapya yanayochipua kabla ya mvua, na aliyekulia huko akiona video hizi huuliza ni nchi gani.

Tumefika penye jambo zito, na tunaomba msomaji atuvumilie. Video nyingi za aina hii zinapotaka kusimulia njia ya misafara huleta mnyororo. Mnyororo ukienda polepole mchangani, miguu mitupu, halafu kamera inapanda na kumwonyesha mtu wa kanzu na kilemba, uso wake umo kivulini. Basi, hadithi imekwisha. Hajasema neno, hana jina, hana mji. Kanzu yake ndiyo hukumu yake.

Wala hatusemi hayo ili kusafisha nyumba zetu. Biashara ya watu ilikuwako, na watu wa pwani, Waarabu na Waswahili, waliifanya na wakatajirika kwayo. Tippu Tip alizaliwa Unguja. Baba yake alikaa Tabora na kuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Maisha yake ameyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kipo, hakuna wa kukana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe haukufutwa katika sheria ya Tanganyika hadi 1922. Babu za baadhi yetu walishika mnyororo upande mmoja, na bibi za baadhi yetu waliushika upande wa pili, na mara nyingi ni nyumba moja. Ngapi pwani hii zina bibi aliyekuja kutoka Umanyema au Unyamwezi, jina lake la kwanza halijulikani, na watoto wameambiwa tu kwamba alikuwa "mtu wa bara"? Nyumba hizo zinastahili filamu. Zinaistahili zaidi kuliko mtu wa kilemba asiye na uso, maana yeye hatuulizi chochote; tunamchukia dakika tatu kisha tunakwenda kula.

Tena mnyororo peke yake unawafuta watu wengine waliokuwa wengi zaidi barabarani. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha kwamba kazi ya kubeba katika njia hii ya kati ilikuwa zaidi ni kazi ya watu huru waliolipwa, na wakubwa wa kazi hiyo ni Wanyamwezi. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, pembe za ndovu akishuka pwani, na akipanda bara merekani, kaniki, shanga na masango. Alikuwa na mapatano yake, na desturi zake, na alijua kugoma. Mbele alitangulia kirangozi na bendera. Ugogo walilipa hongo. Wanawake nao walikuwamo, wakipika, wakibeba, wakifanya biashara zao. Maneno haya, hongo, kirangozi, merekani, kaniki, ni Kiswahili chetu wenyewe, na mzee wa Tabora akiyatamka hahitaji kinanda nyuma yake.

Ndiyo maana tunalalamika pia juu ya sauti, pengine kuliko picha. Maikrofoni iliyo ndani ya DSLR ni dhaifu. Kimya kikiingia inajipandisha yenyewe hadi unasikia mvumo tu, na upepo ukivuma unasikia radi. Kijana hufanya nini? Hufuta sauti yote na kuweka muziki. Watu wa Tabora wamekuwa mabubu katika video zao wenyewe, wanatikisa midomo na kucheka bila ya kusikika. Dawa yake haina gharama. Simu ya pili itiwe katika mfuko wa shati la mzee ikirekodi, mtu apige kofi moja mbele ya kamera, na nyumbani sauti ya kofi ioanishwe na picha ya mikono inapokutana. Sisi twaiweka video iliyotikisika kidogo lakini yenye maneno ya mzee kuhusu kwa nini mtaa wao una jina hilo juu ya video kumi za jua kuchwa.

Hapa yafaa kuongeza neno juu ya ruhusa. Sura ya mtu na sauti yake ni amana. Kumpiga mwanamke aliye sokoni kwa lenzi ndefu kutoka ng'ambo ya barabara, kisha kumtia katika video ya "mateso ya njia ya watumwa" hali yeye anauza nyanya zake kwa furaha, ni kumzulia. Kumvisha mtoto wa watu mnyororo bila ya kumweleza mzazi wake kitakachosemwa juu ya picha ile ni vibaya zaidi. Anayekaa, akasalimu, akaeleza anachotaka, hufunguliwa milango. Nasi hatujasikia mji wa Waswahili, wa pwani au wa bara, ambao mgeni mwenye adabu alinyimwa kiti.

Wapo watakaosema: nyinyi mwataka taarifa ya habari, si senema. Sivyo. Mwendo wa polepole una mahali pake. Mikono ya mwanamke anayepepeta mchele, ukiipunguza kasi, unaona ustadi usiouona kwa jicho. Hata ukungu wa nyuma una kazi, pale mtu anapokumbuka na dunia ikamtoka. Lakini iwe mara moja, na iwe kwa sababu. Chakula chenye karafuu katika kila tonge hakina ladha ya karafuu.

Na mwanao akiwa anakwenda Tabora na 5D yake, mkumbushe jambo moja la chombo. Kamera ile hukata kipande kinapofika gigabaiti 4, yaani kiasi cha dakika 12. Katika dakika 12 mzee wa Kinyamwezi au wa Kimanyema hajamaliza hata kumuuliza hali ya wazazi wake na ya safari. Achukue kadi za kutosha, na betri ya pili, na stendi ya miguu mitatu, na kilo ya tende kutoka kwetu.