Malezi katika Kitabu cha Maungamo

Wahenga walinena, Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wako wasomao Maungamo ya Mtakatifu Augustino wakasema kwamba kitabu hiki chaikanusha methali hiyo, maana mama mcha Mungu alimlea mwana akapotoka. Sisi twaona hawakukisoma kwa makini.

Augustino alizaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, katika nchi iitwayo sasa Algeria. Mama yake, Monika, alimfundisha jina la Kristo tangu uchanga. Lakini nyumba ile ilikuwa na walezi wawili wenye nia mbalimbali. Baba yake, Patricius, alitaka mwana awe msemaji hodari, wala hakujishughulisha na usafi wa mwenendo wake. Mtoto alipopigwa shuleni, hata wazazi walicheka. Alipokuwa na miaka 16 masomo yalisimama kwa uhaba wa fedha, akakaa bure. Ndipo yeye na wenziwe walipoiba matunda usiku, wakawatupia nguruwe.

Monika naye alilelewa na mtumishi mzee, mkali, aliyewakataza watoto hata maji nje ya saa za chakula. Walakini, alipotumwa kuteka mvinyo, alionja kidogo, kesho tena, mpaka akazoea vikombe. Aliyemponya ni kijakazi, aliyemwita mlevi walipogombana. Hapa twaona ubora wa kitabu: chaonyesha ya kuwa katazo laweza kuufunga mkono lisiifunge tamaa.

Jambo moja hatulikubali. Augustino aona uovu hata katika wivu wa mtoto mchanga amtazamaye mwenziwe akinyonya. Asema maziwa yalikuwa tele. Lakini mchanga atajuaje kwamba yatabaki? Amempima kwa mizani ya mtu mzima.

Je, methali imeshindwa? La. Katika mwaka wake wa 19 Augustino alisoma kitabu cha Cicero kikamwasha moyo, ila alisikitika kutoliona humo jina la Kristo, alilolinyonya pamoja na maziwa ya mama. Mbegu ilikuwa ingali hai, naye akabatizwa Milano mwaka 387.

Basi, wapenzi wasomaji, tukitaka kuyajua malezi ya nyumba zetu, haitoshi kujiuliza tumewafundisha watoto neno gani. Yatupasa kujiuliza pia, walipoumia na walipokosa, sisi tulicheka nini?