Tukiiunda Pumzi Upya, Tumfuate Msafishaji wa Choo

Kama kuna filamu ya Kenya inayodai kuundwa upya, ni Pumzi ya Wanuri Kahiu. Ilitoka 2009, ina dakika kama 20 tu, na bado ndiyo watu hutaja kwanza mkianza story za filamu za kisayansi na Kenya. Nimeitazama tena wiki hii kwa simu. Teknolojia yake haijazeeka. Kilichozeeka ni shujaa wake.

Kwa ambaye hajaiona: miaka 35 baada ya Vita vya Maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, nje ni jangwa. Jasho na mkojo vinasafishwa vinyweke tena. Ukiota ndoto, kompyuta inakuamuru umeze dawa ya kuizima. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anatumiwa udongo wenye uhai. Anapanda mbegu, inachipua. Baraza linamkatalia kutoka. Anatoroka, anaupanda mche jangwani, anaupa maji yake ya mwisho, kisha analala akiukinga jua kwa mwili wake.

Ile dawa ya ndoto ilikuwa fumbo zuri 2009. Mwisho wa Mei 2025, msanidi programu alikamatwa Nairobi kwa sababu ya tovuti iliyorahisishia wananchi kutuma barua pepe kupinga Mswada wa Fedha. Sasa fumbo la nini tena? Atakayeirudia Pumzi kwa kuongeza droni na skrini kubwa atakuwa ametupotezea bando.

Mimi ningegusa mwisho. Mwanamke mmoja, mche mmoja, kifo kimoja: ni picha tamu, lakini inatuzoesha kungoja mtu wa kufa kwa niaba yetu. Juni 2024 vijana walikataa hesabu hiyo. Walisema hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama. Tarehe 25 waliingia Bunge, na kesho yake Rais Ruto akasema hatatia saini ule mswada. Waliopigwa risasi siku hiyo hawakwenda kuwa mbolea ya taifa. Walitaka kurudi nyumbani. Filamu inayopamba kifo chao inamfanyia baraza kazi.

Tena mimi niko Machakos, na hapa hadithi ya mti mmoja haiingii akilini. Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni walieleza vilima hivi kama nchi inayogeuka jangwa. Vilirudi kuwa kijani kwa matuta, kwanza kwa amri ya mkoloni, kisha kwa mwethya: majirani, wengi wao akina mama, wakichimba shamba la huyu leo na la yule kesho. Baadaye yakaja mabwawa ya mchanga, mikono ikiwa ileile. Hakuna aliyehitaji kufa juu ya mche.

Na Kahiu mwenyewe alituachia mlango. Kuna msafishaji wa choo ambaye Asha anamgawia maji kidogo, na ndiye baadaye anamsaidia kutoroka. Asha anaenda jangwani, naye kamera inamwacha nyuma. Baraza likigundua, litamfanya nini? Nani mwingine zamu hiyo aliona akanyamaza makusudi? Wangapi wameacha kumeza dawa?

Hiyo ndiyo Pumzi ningelipia tiketi. Ianze pale mlango unapofungwa nyuma ya Asha, na kamera ibaki ndani.