Nakala mbovu ndani ya chatu wa kawaida
Chatu mdogo anayejikunja mviringo akiogopa, kichwa akikificha katikati, ameenea kutoka Senegal hadi huku kwetu Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Wafugaji wa Marekani ndio waliomfanyia hesabu ya rangi. Mwaka 1992 Bob Clark aliangulisha zeruzeru wa kwanza aliyezaliwa mikononi mwa wafugaji: mweupe, mabaka ya manjano, macho mekundu.

Zeruzeru ana nakala mbili zilizoharibika za jeni moja, ya baba na ya mama. Akipandishwa kwa jike wa kawaida, watoto wote hutoka na weusi na kahawia yao ya kawaida, na mfugaji asiyejua huwauza. Kumbe kila mmoja amebeba nakala moja mbovu. Ile nzima inatosha kutengeneza weusi.

Ukipandisha ndugu hao wao kwa wao, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa zeruzeru. Wengi huelewa kwamba mayai manne lazima yatoe mmoja. Sivyo. Kila yai lina bahati yake, bila kujali mengine yametoa nini. Kwa mayai sita, uwezekano wa kukosa zeruzeru kabisa ni karibu asilimia 18. Ukimrudisha binti kwa baba yake zeruzeru, kila yai ni nusu kwa nusu, na uwezekano wa kukosa kabisa hushuka hadi moja kati ya 64.

Njia ya baba na binti ni ya haraka, ila siipendi. Hao wawili wanachangia jeni nyingi, na kasoro nyingine zilizojificha hukutana vilevile. Afadhali kutafuta mwenza wa ukoo mwingine, kwa uangalifu: utafiti wa mwaka 2022, uliotumia magamba yaliyovuliwa na chatu wa wafugaji, ulionyesha kuwa zeruzeru wa kawaida ana hitilafu kwenye jeni ya TYR, na zeruzeru wa rangi ya zambarau kwenye OCA2. Wapandishe hao wawili, na mayai yote yatatoa chatu wa kawaida.