Mkorosho Uliopogolewa Ukapogoleka

Korosho zikishaokotwa zikaisha, ukishika barabara ya Kilwa kutoka Jaribu Mpakani kwenda Bungu na Kibiti mjini, utayaona marundo ya matawi yamelala pembezoni mwa mashamba. Mwenye shamba hulitazama rundo, na akiliona kubwa huridhika kwamba fundi amefanya kazi. Rundo hilo halimwambii kitu. Fundi mbovu naye huacha rundo, na mara nyingi la kwake ndilo kubwa kuliko yote.

Anayetaka kuijua kazi ya kupogolea aanze na tabia ya mti wenyewe. Mkorosho huzaa nchani. Shada la maua hutokea mwisho wa chipukizi jipya, upande wa nje ambako jua linapiga, na bibo na korosho yake huning'inia hapo hapo. Ndani, kwenye giza, hakuna shada. Kuna mbao tu na vijiti vinavyokula bila kuzaa. Basi sehemu yote ya nje, kuanzia kileleni hadi matawi ya chini, ndiyo shamba, na tawi nene la pembeni likiondoka limeondoka na ncha nyingi ambazo hazitarudi kwa msimu mmoja.

Ndiyo maana mimi huanza kwa mbali. Nauzunguka mti mzima nikitazama majani ya nje kama yamefungana. Nikiona dirisha linaloonyesha shina, najua kuna tawi lililokatwa kwa uvivu: badala ya kuingia ndani atoe vijiti vyembamba kimoja kimoja, fundi ameangusha tawi moja kubwa akaona mwanga umeingia. Umeingia kweli, ila umeangukia gome lililozoea kivuli, nalo huungua likapasuka. Natazama na matawi ya chini. Yanayoburura ardhini lazima yakatwe, mtu apate kupita kufyeka na kuokota. Lakini yaliyo usawa wa kiuno yaachwe, kwa sababu yanazaa na kila mtu anayafikia. Mti ulioinuliwa juu ukawa safi hadi usawa wa kichwa unapendeza machoni tu.

Baada ya hapo inama, ingia ndani, ukasimame kwenye shina saa sita mchana. Uweze kusimama wima. Uweze kulifuata kila tawi kuu kwa macho hadi linapogawanyika. Chini, juu ya majani makavu, pawe na vidoa vidogo vya jua vinavyohamahama upepo ukivuma. Giza tupu maana yake kazi haijafanyika, na uwanja wa jua wa kumtosha mtu kuanika mpunga maana yake kazi imezidi.

Ukiwa hapo ndani, tafuta maotea, yale machipukizi mororo yanayosimama wima kutoka kwenye matawi manene na chini ya shina. Hapa ndipo namtenga fundi na mkata kuni. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe ulioingia mikorosho ya kusini mwa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, hushika majani machanga na maua. Jani likishakomaa, haliupi nafasi. Katika miezi ambayo upande wa nje wa mti hauna majani machanga, ugonjwa hujihifadhi kwenye maotea ya ndani, kwenye kivuli na unyevu, ukisubiri Juni na Julai, maua yanapofunguka na usiku ukiwa wa baridi. Anayeacha maotea ameufuga ugonjwa nyumbani, kisha atanunua salfa ya kuufukuza. Fundi anayejua huyang'oa kwa mkono yakiwa bado laini, yatoke na kitako chake. Akiyakata kwa panga, pale pale yatatoka mengine mawili au matatu. Wapulizaji nao hulijua hili: mti ulio wazi ndani, moshi wa salfa ukipulizwa kutoka chini hupanda hadi kileleni. Kwenye mti uliojifunga, dawa yote huishia tumboni.

Mikorosho yetu inadai ufundi huu kuliko miti michanga ya kwingine. Mti wenyewe ni mgeni wa zamani, uliletwa na Wareno kutoka Brazili, na ilipofika katikati ya karne iliyopita ulikuwa umekwisha kuwa mali ya kaya nyingi za pwani. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takribani tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Vijiji vya ujamaa viliwahamisha watu wakaacha miti yao mbali, bei ilikatisha tamaa, kisha ubwiriunga ukaja kumalizia. Mti ukikaa miaka mingi bila mkono wa mtu hujaa matawi makavu, matawi yanayosuguana na maotea yaliyogeuka kuwa matawi. Mti wa namna hiyo usipogolewe wote kwa mwaka mmoja. Yatangulie makavu na yenye ugonjwa, mwaka unaofuata yanayopishana na kusuguana.

Sasa jeraha. Hili nalitazama kwa karibu, hata kwa kupitisha kidole. Pale tawi linapoungana na shina pana uvimbe mdogo, gome limejikunja kwa mikunjo. Msumeno upite nje kidogo ya uvimbe huo. Ukikatwa uvimbe wenyewe, mti umenyang'anywa kitu cha kujifungia. Kikiachwa kisiki cha urefu wa shubiri, kitakauka, na wadudu watoboao shina watapata mlango. Mtafiti wa magonjwa ya miti Mmarekani Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno wa injini ili aone ndani, alionyesha kwamba jeraha la mti haliponi kama la mwili wa mtu. Mti hujenga ukuta kuzunguka mbao iliyoumia na kuikuza mbao mpya kwa nje. Kwa hiyo rangi au lami inayopakwa juu ya jeraha baya hailigeuzi kuwa zuri.

Tawi nene hukatwa mara tatu. Kwanza msumeno hupita chini yake, mbali kidogo na shina, kisha juu, tawi lianguke bila kuchana gome, halafu kigutu kinachobaki huondolewa kwa utulivu. Ukiona ukanda wa gome umechanika kushuka kwenye shina, fundi aliruka hatua ya kwanza. Masika yakipita rudi utazame tena. Jeraha zuri litakuwa limezungukwa na mdomo wa gome jipya, mnene sawasawa pande zote. Mdomo ukitokea kando mbili tu, juu na chini pakabaki pakavu, msumeno ulikwenda ndani mno. Na ukiona vitundu vidogo vinatoa machicha meusi yaliyochanganyika na utomvu, lava wako chini ya gome, na mtu aliyeupogolea mti huo akapita bila kusema hafai kurudi.

Jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii ni majimoto. Sisimizi hawa wekundu wanaoshona majani kuwa viota huwala na kuwafukuza mbu wa mikorosho na wadudu wengine wanaofyonza vikonyo vichanga. Wanauma, najua, na mtu aliye juu ya mti ana haki ya kuwachukia. Lakini fundi wa kweli huvikwepa viota vyao. Anayeanza kazi kwa kuwachoma moto namshusha palepale.

Kila mti una sheria yake, na watu wa huku wanazijua sheria nyingi. Wakata boriti wa delta ya Rufiji wanajua kwamba mchu ukikatwa huchipua, na mkoko ukikatwa chini ya majani yake hufa. Waridi la uani hukatwa fupi bila huruma, likarudi na maua mengi. Mkorosho ukiukata hivyo utachipua kweli, lakini umejinyima mavuno, na utalazimika kuuchagulia machipukizi upya. Ukataji huo una mahali pake: mti mzee usiozaa unaotaka kubebeshwa vikonyo vya mbegu bora, kama zile zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara. Na kwa mche uliobebeshwa, chunguza kitu kimoja tu: chini ya kiungo pasiwe na chipukizi lolote, maana hilo ni la mti wa chini na litamshinda mwenzake.

Kuhusu wakati sina maneno mengi. Baada ya mavuno, kabla ya mti kutoa majani mapya yatakayobeba maua. Anayepanda na msumeno Julai anakata korosho.

Malipo yana nguvu kuliko maelekezo. Ukimlipa fundi kwa kuni, atakata matawi yenye kuni, yaani yale yale manene ya pembeni uliyotaka yabaki. Mlipe kwa mti, na umlipe sehemu ya mwisho baada ya kuuzunguka na kuingia ndani. Kabla hajaanza mwambie akuonyeshe tawi atakalotoa kwanza, na akueleze kwa nini. Akinyoosha kidole kwenye tawi kavu au linalosuguana, mkabidhi shamba.

Kuna mashamba ambayo fundi mwaminifu atakataa kuyapogolea, nayo si machache kati ya Bungu na Kibiti: miti ilipandwa ikikaribiana, sasa imeshikana na ncha za pembeni zote zimekufa. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12, na pasipo nafasi msumeno wa kupogolea hauna la kufanya, lazima baadhi ya miti iondoke kabisa. Ipi iondoke huamuliwa wakati wa kuokota. Anayeokota chini ya mti anajua unaozaa na usiozaa, basi aufunge kitambaa usiozaa siku hiyo hiyo, kwa sababu Februari miti yote ni ya kijani.